Ubeti wa Mwisho wa Dobi

Mtu akiniambia kwamba shairi zuri ni lile linaloeleweka papo hapo, damu hunipanda. Najua si adabu kumkasirikia mtu kwa jambo kama hilo, na wanangu wamekwisha zoea kunivuta mkono tuondoke. Lakini maneno ya namna hiyo niliyasikia Jinja, miaka ya hamsini, nikayajibu kwa kiburi mbele ya watu, na kwa jibu langu mzee mmoja akatupiwa vitu vyake nje. Nilimfuata hadi mji wa Mbale kumwomba radhi, akakataa kuipokea. Kwa hiyo nina hasira naye, nina hasira na nafsi yangu, na wengine waliokuwamo ukumbini siku ile sijawasahau.

Tulimwita Dobi. Jina lake alikuwa nalo, na mashairi aliyoyapeleka magazetini yalikuwa na jina jingine la utunzi, lakini Walukuba nzima, mtaa wetu wa nyumba za serikali, kuanzia akina mama wa bombani hadi askari wa zamu, ilimwita Dobi, naye aliitika. Alikuwa Mnubi, mwembamba, na kofia yake ya kufuma haikutoka kichwani hata kwenye joto la mkaa. Habari za ukoo wake sikuuliza, na nadhani asingenijibu.

Alipiga pasi kwenye veranda ya chumba chake. Alikuwa na pasi mbili za mkaa, moja mkononi na nyingine ikipata moto. Alijaza maji mdomoni akayapuliza juu ya nguo, na ndiyo maana alitunga akiwa kimya, kwa sababu nusu ya siku mdomo ulikuwa umejaa maji. Shati lilikuwa ubeti. Kola ni mstari wa kwanza, mabega wa pili, mikono wa tatu, na mgongo, ambao ni mpana na rahisi, ndio uliopewa kibwagizo. Mstari ukikataa kuja, alirudia kola ile ile mpaka ikang'aa. Mwenye duka mmoja, Mhindi wa barabara kuu, aliwahi kuletewa shati lenye alama ya pasi mgongoni, nyeusi, kubwa kama kiganja. Dobi alimweleza ukweli kwamba kibwagizo kilimkwama. Yule bwana alicheka, akasema marehemu baba yake alikuwa na ugonjwa huo huo na aliwahi kuunguza ghala. Aliendelea kumletea nguo.

Mimi nilikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo. Nilikaa Masese wakati ule, chumba kimoja na wanaume watatu, na nilimpelekea Dobi nguo kwa sababu watu walisema suruali yake inasimama yenyewe. Siku ya kwanza nilimkuta akisema chini kwa chini, *Mto walia kwa chini, taa zacheka kwa juu.* Pasi ilikwenda na nusu ya kwanza, ikarudi na ya pili. Bwawa la umeme lilikuwa limekwisha kujengwa mtoni, umeme unapita juu ya vichwa vyetu, na mimi Masese nawasha kibatari. Nikamuuliza maana yake.

"Wewe ulileta suruali ama ulileta masikio?" akaniuliza, bila kuinua uso.

Nilimwona mzee mwenye maringo. Lakini kesho yake, mashine zilipoanza kupiga, ule mstari ulijipanga wenyewe ndani ya mlio. Nane kwenda, nane kurudi. Mikono yangu ilifunga nyuzi zilizokatika na miguu ilipiga sakafu, na sikuwa nimeomba. Mwili ulikuwa umekwisha kubali, akili ndiyo kwanza inakimbia nyuma ikiuliza. Taa zinamcheka nani? Kwa siku nne nilifuma nikiuliza. Siku ya tano nilipata jibu, na lilinichoma, kwa sababu anayechekwa alikuwa mimi na kibatari changu. Hakuna hotuba iliyowahi kunikasirisha vile, na hakuna hasira niliyowahi kuipenda kama ile. Jioni nilirudi kwa Dobi bila suruali.

Hayo ndiyo mashairi aliyoyataka. Kila Jumapili baada ya alasiri tulikusanyika pale verandani, watu sita au saba, gazeti la Kiswahili likiwa limefika kwa kuchelewa kwake. Dobi alitafuta ukurasa wa mashairi tu, kwingine alifungia nguo. Shairi la kukataza pombe na uvivu alilipitia haraka akasema hilo ni tangazo la polisi limevishwa kanzu. Shairi la maua na pendo lilimfanya apige miayo. Alilolitafuta lilikuwa na treni ndani yake, au balbu, au hesabu ya watu, kitu cha siku zetu, lakini kimefungwa kwa fundo ambalo halifunguki kwa kidole kimoja, na juu ya yote linatembea. Hapo alipiga meza kwa kifundo cha kidole, akalisoma mara moja, akanyamaza. Halafu alilikata kwa mkasi akalibandika ukutani kwa wanga ule ule wa kola. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umejaa mpaka dirishani.

Usingethubutu kusema "vizuri sana" mbele yake. Aliuliza, vizuri wapi? Mstari gani? Mtu akababaika, na Dobi akamwambia arudi nyumbani akafikiri. Nilimwona akimfukuza mwalimu wa shule, mtu mzima mwenye tai, kwa sababu alisifu shairi asilolielewa.

Aliyekuwa hamwogopi ni Waiswa, Msoga tuliyefanya naye kazi zamu moja. Waiswa alikuja kwa ajili ya chai na mazungumzo. Alikuwa na mke na watoto wanne kule Masese katika kibanda kinachovuja, jina lake liko katika daftari la wanaongoja chumba Walukuba, na kila juma alikwenda kuuliza na kila juma aliambiwa bado. Mtu mwenye shida kama hiyo hana muda wa mafumbo, na alisema hivyo.

"Mimi nataka ile naingia moja kwa moja," alimwambia Dobi.

"Kitu naingia moja kwa moja ni mwiba," Dobi akamjibu. "Na hiyo pia unatoa."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilimwona Waiswa kuwa mtu mzito wa akili, na nilihakikisha anajua kwamba namwona hivyo. Jina langu nalo lilikuwa daftarini, na mwaka uliofuata nilipata chumba Walukuba, mlango wa tatu kutoka kwa Dobi, na nikazidi kujiona.

Sasa niseme yale yaliyonichanganya kwake. La kwanza ni lugha. Akizungumza, alizungumza Kiswahili cha kambi za askari, "mimi hapana taka", "hii kitu yake", na watu wa pwani waliopita Jinja walimcheka. Akitunga, vina vilikaa sawa kama vifungo, na maneno yalitoka ambayo sisi wote ilibidi tuyaulizie. Watu wengine walisema anaiba mashairi ya mtu mwingine. Nilipomuuliza, alisema kusema ni kwa ajili ya watu na kutunga ni kwa ajili ya kujitazama, akaniacha hapo.

La pili, mtu huyu aliyekataa kueleza hata neno moja la shairi alikuwa mwalimu mvumilivu wa madoa. Mwanamke akija na shuka, alimweleza bila haraka kwamba damu hutolewa kwa maji baridi, kutu kwa ndimu na chumvi, chai kwa maji ya moto yanayomiminwa kutoka juu. Alirudia mpaka akaelewa. Nilimwuliza kwa nini basi asitusaidie sisi kidogo. Akasema doa ni la mwenye nguo, yeye anasaidia tu, lakini akili ikifuliwa na mtu mwingine inarudi ikiwa imepungua.

La tatu lilinichukiza. Dobi alikuwa mwoga wa wakubwa. Alimwita "afande" hata askari mdogo aliyeajiriwa jana. Na mbele ya karani wa nyumba, yule aliyeshika daftari la majina, aliinama mpaka nikaona aibu. Karani huyo alivaa mashati meupe tu, na Dobi alimfulia na kumpelekea mwenyewe nyumbani kila Jumamosi, kikapu kikubwa begani, akiingia kwa mlango wa nyuma. Watu walinong'ona kwamba karani hula rushwa, kwamba jina lako halipandi mpaka umpelekee jogoo au mbuzi. Hakuna aliyeona jogoo akiingia ofisini, kwa hiyo minong'ono ikabaki minong'ono. Nilimwambia Dobi kwamba mtu mwenye kichwa kama chake hapaswi kumwinamia mwizi. Alijaza maji mdomoni.

Lazima pia nieleze desturi, maana bila hiyo kosa langu halionekani. Kati ya watunzi, mtu akikutupia fumbo, unalijibu kwa shairi, kwa vina na mizani ile ile, na jibu lako nalo linabaki limefunikwa. Mwenzako akilisoma atajua umejua. Kulifumbua kwa maneno makavu mbele ya watu ni kumvua mwenzako nguo sokoni. Dobi alinifundisha hilo mwanzo kabisa, kabla hata ya kunifundisha kuhesabu mizani. Siwezi kusema sikujua.

Jumamosi moja alasiri kulikuwa na tamasha katika ukumbi wa wafanyakazi. Kwaya, ngoma, mchezo wa kuigiza, na mimi nikaomba nafasi ya shairi. Nilitaka watu wasikie kitu cha Dobi. Aliniacha nimbembeleze juma zima. Mwishoni alinipa karatasi ya kaki yenye beti nne, na sharti moja.

"Soma," aliniambia. "Hapana eleza."

Nikaahidi. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

*Shati langu silivai, nalifua kila juma,*
*Doa lake halifai, laingia na kuzama,*
*Sabuni haikatai, maji ndiyo yamegoma,*
*Jogoo yu kikapuni, nani amemsikia?*

Dobi hakuja. Nilipanda jukwaani nikasoma. Mbele alikaa Mzungu wa ustawi wa jamii, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "lete" na "haraka", na kando yake karani wa nyumba amewekwa kumtafsiria. Shati la karani lilikuwa limepigwa pasi na mkono uliotunga shairi. Nilijua maana ya shairi lile tangu nusu ya kwanza, na nilimtazama karani huku nasoma.

Kibwagizo cha kwanza kilipita kimya. Cha pili, miguu ya nyuma ya ukumbi ikaanza kupiga sakafu. Cha tatu na cha nne, watu walikuwa wananijibu, nasema "Jogoo yu kikapuni" nao wanamalizia. Hawakujua wanachokisema, lakini miili yao ilikwisha kubali, kama wangu siku ile kiwandani. Ningeshuka hapo. Wangekwenda nacho kitandani, kazini, bombani, na mmoja mmoja wangefika. Shairi lile lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake na halikunihitaji tena.

Mzungu akauliza lina maana gani. Karani akacheka, akamwambia kwa Kiingereza, nacho nilikuwa na cha kutosha kumfuata, kwamba halina maana, ni mlio tu, hawa wanapenda chochote chenye ngoma. Hilo ningelimeza. Lakini Waiswa naye akasema kutoka kwenye benchi lake, kwa sauti ya mtu anayechekesha wenzake, "Kweli hata sisi hapana jua. Mashaili ya dobi ni kelele tu." Ukumbi ukacheka. Walikuwa wametoka kulipiga kwa miguu yao dakika moja iliyopita, na sasa wanalicheka.

Nilikasirika kiasi kwamba masikio yalizibika. Nikasema nitawaonyesha kama ni kelele. Nikalichukua shairi mstari kwa mstari nikalieleza kama mtu anayemenya ndizi. Shati ambalo ni langu lakini silivai ni nini? Ni shati ambalo dobi analifua. Shati jeupe la nani? La mkubwa. Doa lisilotoka ni nini? Ni rushwa. Maji yaliyogoma ni nani? Ni sisi, wafanyakazi, tunaopaswa kugoma. Na jogoo? Nikauliza ukumbi, nani hapa hajui jogoo wanakwenda kwa nani ili jina lipande daftarini? Nilinyoosha kidole.

Makofi yalilipuka kabla sijamaliza ubeti wa tatu. Waiswa alipanda juu ya benchi akapiga makofi mikono juu, uso umemwiva kwa furaha, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Ubeti wa nne sikufika kuueleza. Nilijiambia ni ubeti wa kufungia tu, pambo la mtunzi. Nilishuka nikabebwa mabegani. Karani alimwinamia Mzungu akamwambia jambo, na Mzungu naye akapiga makofi.

Jumatatu askari wawili walikwenda kwa Dobi na karatasi. Veranda ya nyumba ya kukaa si mahali pa biashara, ilisema, na mpangaji amevunja masharti. Alikuwa amepigia pasi pale miaka, karani akivaa. Walitupa meza nje, walitupa kikapu, walimwaga mkaa wa moto kwenye nyasi, na kuta zake walizibandua kwa makoleo, karatasi zikiambatana na plasta. Mimi nilikuwa zamu. Nilipofika, majirani walikuwa wamemzunguka wakimwita shujaa, mwanaume, simba wa Walukuba. Yeye alikuwa anafunga mzigo. Hakuwatazama. Aliponiona, alichukua shati langu kutoka kwenye beseni, akanipa likiwa limelowa, halijakamuliwa hata, maji yakanichuruzika mikononi mpaka kwenye viatu. Alichukua basi la Mbale.

Nilingoja waje kwangu pia. Hawakuja. Maneno hayakuwa yangu.

Kiwandani shairi likasambaa. Waiswa, yule yule, alilishika kwa moyo akalisema juu ya mlio wa mashine, na kila aliyelisikia alielezwa kwamba shairi lile ni la karani na jogoo wake. Walisema beti tatu, zile nilizozieleza. Ubeti wa nne ulianguka njiani na hakuna aliyeuokota. Karani aliendelea na daftari lake. Waiswa aliendelea kukaa Masese.

Ilinichukua karibu miaka miwili kumwendea. Nilikuwa na likizo, nakwenda kumwona mama kijijini Nakaloke, na basi likanishusha Mbale mapema. Niliulizauliza mpaka mtaa wa Nabuyonga. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza nyanya alinionyesha kwa kidevu, akasema, "Yule nasema peke yake?" Alikuwa chini ya bati moja, meza mpya, pasi moja tu, anapiga sare za watoto wa shule. Ukutani hapakuwa na karatasi hata moja.

Nilisalimia, nikapewa kigoda. Nilikuwa nimejiandaa barabara nzima. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba nilivunja ahadi, kwamba kwa sababu yangu alipoteza chumba na kazi na wateja.

"Chumba ni ya serikali," akasema. "Mimi hapana lilia chumba."

Nikasema basi nisamehe kwa lile lililobaki. Akaniuliza lililobaki ni lipi. Sikujua. Aliweka pasi kwenye kibao chake, jambo ambalo nilikuwa sijamwona akifanya katikati ya kola, akaniambia nisome ubeti wa mwisho. Nilikuwa naukumbuka. Niliusoma kwa sauti ndogo.

*Kikapu hakina guu, yuko mtu akibeba,*
*Afua nguo za juu, huku ndani ajikaba,*
*Amlaumu mkuu, naye mchuzi ashiba,*
*Jogoo yu kikapuni, nani amemsikia?*

"Nani nabeba?" akaniuliza.

Nikasema, wafanyakazi, wale wanaopeleka.

"Mfanyakazi nabeba jogoo mchana, watu naona. Karani natoka ofisini na jogoo kwapani?" Alitikisa kichwa. "Kikapu ya nguo naingia mlango ya nyuma kila Jumamosi. Juu shati, chini jogoo. Mdomo yake nafunga na kamba ya kuanika shati. Miaka tatu, mwanangu. Mimi. Na mimi pia nikapata chumba, nikapata veranda."

Mtoto wa shule alikuja akachukua kaptula yake akaenda.

"Ile shairi nilijishika mwenyewe shingo," akasema. "Nilitaka mtu mmoja asikie, aje aniambie, Dobi, nimesikia. Wewe ulisimama mbele ya watu ukanitoa msafi. Sasa Jinja yote naniita shujaa. Hiyo ndiyo kitu ulinifanyia, na hiyo hapana samehe."

Hapo hasira zangu zote zikageuka zikamwelekea yeye. Nilimwuliza kwa nini hakusema wazi. Sisi tuliokaa pale Jumapili tukihesabu mizani, tulikuwa watu wake, angeniambia mimi. Angemwambia Waiswa.

"Kama mdomo ingeweza kusema," akajibu, "shairi ya nini?"

Nikamuuliza jogoo wa nani. Sijui kwa nini niliuliza. Alijaza maji mdomoni, akapuliza, akainua pasi akamaliza kola nzima kabla ya kujibu.

"Wa watu wengi. Mbili ilitoka Nakaloke."

Mama yangu alikuja Jinja mara moja tu, nilipokuwa bado Masese, na majogoo wawili wamefungwa miguu. Aliondoka bila wao, akaniambia amewauza sokoni.

"Jina yako ilikuwa chini," Dobi akasema. "Juu yako ilikuwa Waiswa."

Nilisimama mpaka kigoda kikaanguka. Nilimwita mwizi. Nilimwita mnafiki, mzee anayejificha nyuma ya vina kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Nilisema mengine ambayo siyaandiki, naye mtu wa umri wa baba yangu, na watu wa jirani wametoka kutazama. Hakujitetea. Alinisikiliza kichwa amekiinamisha upande, kama alivyosikiliza ukurasa mpya wa gazeti ukisomwa, na nilipoishiwa na pumzi aliitikia kwa kichwa.

"Sasa umesoma," akasema, akaendelea na sare.

Sikumwona tena. Nakaloke nilimuuliza mama, na mama hakuona aibu hata kidogo. Aliniuliza kwa lugha ya kwetu kama nilitaka niendelee kulala miguuni pa watu. Alinichinjia kuku, nikala.

Likizo ilipokwisha nilirudi Jinja, nikafungua chumba changu Walukuba, nikalala ndani yake. Njia nzima nilikuwa nimejiambia nitakwenda kwa Waiswa nimweleze. Asubuhi nilimkuta kwenye mashine, amefurahi kuniona. Alisema wamekuwa wakilisema lile shairi mpaka wanyapara wanalijua, lakini kuna kitu kinamsumbua. Akiwa anatembea kutoka Masese linapiga kichwani, moja, mbili, tatu, halafu linasimama, na mguu unabaki hewani. Anahisi lina mwisho wake. Amefikiri sana. Waiswa, mtu aliyetaka shairi linaloingia moja kwa moja, alikuwa amefikiri sana.

"Ile beti ya mwisho," akaniuliza, "nasema nini?"

Nilimwambia nimeisahau.

Akasema si kitu, ataitafuta mwenyewe polepole. King'ora kikalia, kila mtu akarudi kwenye mashine yake.